Lami Juu ya Kutu

Masomo: Zaburi 32, Mithali 28:13

Gari ninalotaka kukusimulia, ndugu msomaji, halikutoka kiwandani likiwa hivyo lilivyo. Fremu yake ni ya Land Rover ya zamani iliyolala uani kwa kaka yangu miaka mingi, kuku wakitagia ndani yake. Injini tuliinunua kwa mtu aliyeuza vipuri vya gari lake baada ya ajali. Sakafu, viti na sehemu yote ya nyuma vilitengenezwa palepale uani, chini ya mparachichi, kwa mashine ya kuchomelea, grenda na nyundo. Watoto wa jirani walipoliona limesimama juu ya magogo, refu na bila magurudumu, waliliita Safina. Jina hilo limebaki mpaka leo.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi utakayoyaona ukipanda barabara ya kwetu Kilimanjaro, upande wa juu kwenye migomba, yametoka mkononi mwake. Mimi ni mchungaji. Usharika ninaouhudumia uko wilaya nyingine, kwa hiyo huja nyumbani wakati wa likizo, na siku mbili tatu nyingine nafasi inapopatikana.

Tulianza kulitengeneza gari hilo kwa sababu ya magoti ya mama. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mlima mtupu, na kwa miaka miwili mama hakuweza kuupanda. Pikipiki alizikataa. Alisema hawezi kwenda mbele za Mungu huku amemkumbatia kijana asiyemjua. Mchungaji wa usharika alimletea Chakula cha Bwana nyumbani, naye alishukuru sana. Lakini kila kengele ilipolia Jumapili asubuhi, mama alinyamaza mpaka iishe. Ukimya ule ndio uliotusukuma. Binti wa kaka alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na kipaimara kilipangwa Jumapili ya mwisho ya Novemba. Kaka akaniambia, "Fremu ipo. Wewe tafuta hela ya injini." Tukakubaliana kwamba siku hiyo mama ataketi kwenye benchi lake.

Kazi iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa sakafu. Watu husema Land Rover za zamani haziozi kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu. Ni kweli kwamba zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na aluminiamu ikatumika kwenye bodi. Lakini fremu ni chuma, na chuma huoza. Sisi sakafu yetu tuliitengeneza kwa shiti ya chuma ya milimita 1.5, vipande sita, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake na kuchomelewa. Vinne vilikuwa vipya. Viwili, vya chini ya miguu ya dereva na ya abiria wa mbele, tulivikata kwenye gari jingine bovu, kwa kuwa vilikuwa vimeshakunjwa vizuri. Hivyo viwili vilikuwa na kutu.

Mahali vyuma viwili vinapopandana, hata vikichomelewa na fundi hodari, hubaki mwanya mwembamba kuliko ukucha. Maji huingia humo yenyewe, hata kwa kupanda juu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakishaingia hayatoki upesi. Kwa hiyo maungio ya sakafu ya gari ni lazima yazibwe. Swali ni yazibwe kwa kitu gani, na baada ya kufanya nini.

Kaka alikuwa na jibu lake. Kwanza kutu iondolewe yote. Kisha praima. Kisha dawa ya kuziba ya poliyurethani, jamii ya ile gundi wanayobandikia kioo cha mbele cha gari. Kisha rangi. Alikadiria siku tano, na alipotaja gharama nilikunja uso. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kipaimara, na bado breki zilikuwa hazijafungwa.

Siku iliyofuata kaka alishuka Moshi mjini kufunga geti la mtu, apate fedha za sherehe. Aliniachia agizo moja tu: "Sakafu usiiguse. Nikirudi tutakwangua." Nami nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kopo la lami la lita 4 na tyubu tatu za silikoni. Nilirudi nikapitisha brashi ya waya juu juu pale penye kutu, nikajaza silikoni kwenye maungio, nikapaka lami. Uani pakanuka siki. Kufika jioni sakafu ilikuwa nyeusi, inang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu asubuhi.

Kaka aliporudi aliinama akaitazama.

"Umekwangua?"

"Nimepitisha brashi."

Sikusema uongo, na sikusema kweli. Alisimama kitambo, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Sawa, Mchungaji."

Ni lazima nieleze neno hilo. Tangu utoto wetu kaka aliniita "mdogo wangu". Tangu wiki tuliyomzika baba aliniita "Mchungaji", hata nilipokuwa bado mwanafunzi ambaye hajabarikiwa. Watu waliosikia walidhani ni heshima. Mimi nilijua kwamba si heshima, na nilijua sababu.

Baba alilazwa hospitalini nilipokuwa chuo cha theolojia, Makumira. Alikaa wodini wiki nyingi. Mimi nilikuja kumwona mara mbili. Kaka ndiye aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na kaka ndiye aliyeuza shamba letu la tambarare ili bili zilipwe. Baba alipofariki, ukoo ulikaa. Wazee saba walikuwepo. Nikasimama mbele yao, kijana wa theolojia mwenye shati jeupe, nikauliza fedha za shamba ziko wapi, maana bili ya hospitali haikuweza kufikia kiasi kile. Nikasema neno "amekula". Kaka hakujibu. Alichukua kofia yake akatoka.

Mwaka mmoja baadaye mama alinipa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na risiti zote. Za hospitali, za dawa, za jeneza. Na chini kabisa mlikuwa na stakabadhi za benki za ada yangu ya chuo, mwaka wangu wote wa mwisho. Baba alikuwa amemwagiza kaka kwamba mdogo wake asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada, wala asiambiwe, asije akaacha masomo. Shamba nililosema ameliuza akala, sehemu yake nililila mimi. Nilibarikiwa kuwa mchungaji kwa fedha za shamba hilo.

Ungedhani kwamba nilikimbia siku hiyohiyo kumwangukia kaka miguuni. Sikufanya hivyo. Niliona haya. Nilianza kumtendea mema. Nilimnunulia mwanawe sare za shule. Nilimletea mashine mpya ya kuchomelea. Nilimtaja kwa upendo katika mahubiri. Nilimpa mkono kila Krismasi mbele ya watu. Nilihubiri msamaha mara nyingi kuliko wachungaji wengi ninaowafahamu, na watu walinishukuru kwa mahubiri hayo. Kwa miaka zaidi ya kumi sikutamka jambo lenyewe. Sasa ninaona kwamba hata ile lami ya Novemba haikuwa haraka ya siku tisa. Nilikuwa nimeshaizoea kazi hiyo.

Jumapili ya kipaimara ilifika. Safina ilipanda mlima polepole ikitoa moshi, watoto wakikimbia nyuma. Mama alishuka kwa kusaidiwa, akaingia, akaketi kwenye benchi lake, la tatu kutoka mbele upande wa wanawake, akaweka mkono juu ya mbao kama mtu anayemgusa ndugu aliyerudi kutoka safari. Sitaki kusema kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo kwa sababu sakafu ilikuwa mbovu. Mungu wetu hangoji tumalize kukwangua ndipo atutendee mema. Lakini wema wake haukuiondoa kutu.

Mvua za vuli zikapita. Masika yakaja. Mwezi wa sita nilikwenda nyumbani likizo, na mama akalalamika kwamba miguu yake hulowa akisafiri. Nikainua zulia. Juu, lami ilikuwa bado nyeusi, bado inang'aa. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kama ganda la parachichi lililoiva kupita kiasi. Nikavuta ukingo, ikatoka na vipande vya chuma vyekundu, na maji yakatiririka. Silikoni nayo ilitoka nzima kama kamba, na chini yake, pale ilipopita, palikuwa na mstari wa kutu ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

Kaka alinieleza bila kuinua sauti. Ile harufu ya siki ni asidi inayotoka wakati silikoni ya kawaida inapokauka, na asidi hiyo juu ya chuma kitupu huanzisha kutu. Zipo silikoni zisizotoa siki, lakini hata hizo rangi haishiki juu yake vizuri. Na lami? Lami huzuia maji yasiingie, lakini yakishapata tundu moja huyazuia pia yasitoke. Chini yake kutu huendelea kufanya kazi gizani. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huinua kila kilichopakwa juu yake. "Kutu haifi kwa kufunikwa," kaka alisema. "Inakufa kwa kutolewa."

Tulianza upya. Kama nawe una chuma cha kutunza, sikiliza utaratibu wake, maana nimeulipia. Lami tuliikwangua kwa mkono kwanza, kwa sababu ukiiwekea grenda inayeyuka na kuziba brashi. Mabaki tuliyafuta kwa kitambaa chenye thina, nje penye hewa. Kisha grenda yenye brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana cheupe. Mahali kutu ilipokuwa imekula mpaka ndani kaka hakubembeleza. Alikata, akachomelea kipande kipya. Vile vipande viwili vya zamani viliishia kutupwa vyote. Kazi niliyokwepa siku tano ilitugharimu siku kumi na mbili.

Usiku mmoja, kabla ya praima, kaka aliniambia nilale chini ya gari. Yeye aliingia ndani na taa, akaisogeza taratibu juu ya kila maungio. Ndivyo anavyokagua. Mahali penye tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, aliye chini gizani huona mwanga. Nilikuwa nataja, naye anaweka alama ya chaki.

"Hapa. Sogea kulia. Hapa tena."

Nilikuwa nimelala kwenye gunia, uso juu, nikitazama vituo vile vidogo vya mwanga. Mchana sakafu ile ilionekana nzima. Nilihesabu kumi na moja. Sikumwona kaka uso, wala yeye hakuniona. Nadhani ndiyo sababu niliweza.

"Kaka," nikasema, "lile kopo la biskuti mama alinipa."

Taa ikasimama. "Najua."

"Tangu mwaka ule."

"Najua. Mama aliniambia siku ileile."

Alikuwa anajua miaka yote hiyo. Kila sare, kila mkono wa Krismasi, kila mahubiri, alikuwa anaitazama lami yangu, naye anajua kilichoko chini yake.

"Nilikuita mwizi mbele za watu, na ada ilikuwa yangu. Nilikukosea. Nilimkosea na baba. Na baada ya kujua nilinyamaza, hilo ni kosa la pili. Naomba unisamehe."

Kimya kilikuwa kirefu. Nilisikia chaki ikikwaruza.

"Hapo kushoto mwanga bado unaonekana?"

"Unaonekana."

Akaweka alama. Kisha akasema, "Mimi nimekusikia. Nimekusamehe. Lakini ulisema mbele ya wazee. Wao bado hawajasikia."

Nimesoma theolojia na nimewaungamisha watu wengi, lakini sikuwahi kufundishwa kwa ufupi hivyo. Katika Katekisimu Ndogo tunajifunza kwamba maungamo yana mambo mawili, kuziungama dhambi na kupokea ondoleo. Nilikuwa nimeyapokea yote mawili chini ya gari, kutoka kwa fundi mwenye chaki. Ondoleo lilikuwa la kweli, na halikungoja nilipe kwanza. Lakini jina la kaka lilikuwa bado limechafuka mahali nilipolichafulia, na pale ndipo nilipotakiwa kwenda.

Krismasi, kama mjuavyo, sisi wa Kilimanjaro hurudi nyumbani popote tulipo. Ukoo ulipokutana niliomba nafasi. Kati ya wale wazee saba, watatu walikuwa wameshafariki. Walikufa wakijua kwamba kaka yangu alikula shamba la baba. Hao siwezi kuwafikia tena, na jambo hilo nitalibeba. Nikasimama mbele ya wanne waliobaki, na watoto wetu wakiwepo, nikasema yote, na zile risiti nikaziweka mezani. Mzee mmoja akaomba fimbo yake, akasimama kwa shida. Akasema kwamba kwa ajili ya maneno yangu alimnyima kaka kazi ya madirisha ya nyumba yake nzima, akampa fundi wa mbali, na majirani wengine wawili aliwashauri vivyo hivyo. Sikuwa nimejua. Kaka hakuwahi kuniambia. Kutu ilikuwa imefika mahali ambapo sikuwahi hata kuinua zulia nikatazama.

Baada ya hayo niliirudia Biblia yangu ya Kiebrania, niliyokuwa nimeisahau kidogo tangu chuoni. Zaburi ya 32 huanza kwa kumwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa. Mithali 28:13 husema kwamba afunikaye makosa yake hatafanikiwa. Mtu anaweza kuona kwamba maandiko haya yanapingana, maana neno la Kiebrania ni lile lile, kasa, kufunika. Na Daudi hulitumia tena katika zaburi hiyohiyo, mstari wa tano, pale anapokiri kwamba hakuuficha uovu wake. Alipokaa kimya alidhoofika mwili mzima. Alipoacha kujifunika, Mungu akamfunika.

Tofauti basi haiko katika kufunika. Iko katika nani anafunika, na nini kimefanyika kwanza. Katika Mwanzo 6:14 Mungu mwenyewe alimwamuru Nuhu apake lami ndani na nje, na neno la Kiebrania la lami ile, kofer, lina herufi zile zile za neno la upatanisho, na za jina la kiti cha rehema kilichofunika sanduku la agano. Mama yake Musa alikipaka kile kisafina, na Biblia yetu ya Kiswahili hutaja sifa na lami. Nilipohudumu Tanga ndipo nilipoelewa kwamba sifa hapo ni mafuta ya papa, wanayopaka mabaharia kwenye vyombo vyao. Lakini mafundi wa majahazi hawaanzi na sifa. Huanza na kalafati, yaani kushindilia pamba kwenye kila mwanya wa mbao, ubao kwa ubao. Anayepaka kabla ya kalafati amepamba jahazi litakalozama.

Mwaka 1518, huko Heidelberg, Martin Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hutambulikana kwa jambo moja: huyataja mambo kama yalivyo. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Kutu ilibaki kutu hata nilipoiita "kupitisha brashi".

Nimalizie habari ya sakafu. Baada ya chuma kuwa safi, tulipaka praima ya makopo mawili, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, kwa sababu praima nyekundu ya kawaida tunayopaka mageti hupitisha unyevu ikiachwa peke yake. Juu ya praima, kwenye kila maungio, ndani na chini, kaka alipitisha poliyurethani akailainisha kwa kidole chenye glavu. Huwa haiwi ngumu kama jiwe. Inabaki kama mpira, hivyo gari likitikisika kwenye mashimo inanyumbuka bila kupasuka. Pale chuma cha sakafu kinapokutana na aluminiamu ya bodi, tulitenganisha kwa dawa hiyohiyo, maana metali hizo mbili zikigusana penye maji hulana. Kisha rangi, kwa kuwa jua huiharibu dawa hiyo ikiachwa wazi.

Nikadhani tumemaliza. Kaka akaingia stoo, akatoka na lile kopo langu la lami, lililobaki nusu. Akalala chini ya gari akaanza kuipaka upande wa nje, juu ya rangi, dhidi ya matope na mawe. Nilishangaa. Akasema, "Lami yako haikuwa mbaya. Ilikuja kabla ya wakati wake." Wema wangu kwa kaka nao haukuwa mbaya. Sare zile watoto walizivaa. Lakini niliuweka mahali pa toba.

Mwisho kabisa alichukua drili akatoboa matundu manne kwenye pembe za chini za sakafu mpya, akapaka kingo zake praima na rangi. Nilitaka kulia. Siku kumi na mbili za kuziba, halafu anatoboa! Akanijibu, "Maji yataingia tu. Kwa mlango, kwa viatu vya watu, kwa mwavuli wa mama. Muhimu yawe na pa kutokea." Tangu siku hiyo, tunapoanza ibada kwa maungamo, nayakumbuka matundu yale. Waumini huniuliza kwa nini tuungame kila Jumapili, kana kwamba tuliyosamehewa wiki iliyopita hayakutosha. Yalitosha. Lakini tumetembea kwenye matope tangu wakati huo.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mahali ulipopaka. Huenda ni shamba, ni ndoa, ni maneno uliyosema mbele ya watu. Huenda pamekauka vizuri na watu wanapasifu. Inua zulia. Bonyeza kwa kidole. Kama pamebonyea, usiende dukani kwanza. Nenda kwa yule uliyemkosea, wakati bado yupo. Mimi nilichelewa kwa wazee watatu.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Jioni moja, mvua ikipiga bati la nyumba ya usharika, simu iliita. Alikuwa kaka. Hakunisalimu.

"Mdogo wangu," alisema, "nimetoka kumshusha mama. Nimepitisha mkono chini ya zulia, pembe zote nne. Pakavu."

Bwana Mungu, wewe unayeona mwanga mahali sisi tunapoona chuma kizima, utupe ujasiri wa kufunuliwa na wewe, ndipo utufunike wewe mwenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.